Jinsi ya kuopoa na kufufua boti ya rekodi baada ya ajali iliyoua: mwongozo kamili kwa mfano wa Bluebird K7

Wadau wa boti na injini, hii mada watu wanaigusa juu juu sana, unaonyeshwa picha ya boti imevunjika halafu picha ya boti inang'aa, na pale katikati ambapo ndo kuna kazi yenyewe panarukwa. Leo napita hapo katikati hatua kwa hatua. Mfano wangu mkubwa ni Bluebird K7 ya Donald Campbell, Mwingereza aliyekufa nayo tarehe 4 Januari 1967 kwenye ziwa la Coniston kaskazini magharibi mwa Uingereza, maana ni boti iliyopitia karibu kila kitu: imezama, imeopolewa, mwenyewe amepatikana na kuzikwa kwa heshima, imejengwa upya, imekimbia tena majini, watu wamegombana juu yake mpaka kwa mawakili, na sasa iko makumbusho. Msimamo wangu nausema mapema ili usome ukijua: kazi ya vyuma ni ngumu kweli lakini inafanyika, kinachouma zaidi ni makubaliano ambayo hayakuandikwa vizuri kabla boti haijatoka majini.

Kwanza uijue boti yenyewe

Usiguse mabaki ya chombo ambacho hujui kilivyojengwa. K7 ilichorwa na ndugu wawili, Ken na Lew Norris, ikajengwa kiwanda cha Samlesbury kule Lancashire na kuanza kukimbia 1955. Ni haidropleni ya pointi tatu, yaani ikishika kasi inagusa maji sehemu tatu tu, maboya mawili ya mbele pembeni ambayo wenyewe wanayaita sponsoni, na sehemu ndogo ya nyuma. Ndani ni fremu ya mabomba ya chuma yaliyochomelewa, nje ni bati la aloi ya alumini lililoshikwa kwa riveti, yaani pini za chuma zinazopondwa ncha ili zibane, maelfu ya riveti. Injini ya kwanza ilikuwa jeti ya Metropolitan-Vickers Beryl, na kwa injini hiyo Campbell akaweka rekodi saba za dunia za majini kati ya 1955 na 1964, ya kwanza ziwa la Ullswater maili 202 na kitu kwa saa, ya mwisho siku ya mwisho kabisa ya 1964 ziwa Dumbleyung, Australia Magharibi, maili 276.33 ambayo ni kama kilomita 445 kwa saa. Mwaka huo huo alikuwa ameshavunja na rekodi ya gari la nchi kavu, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kuzichukua zote mbili ndani ya mwaka mmoja.

1966 wakabadilisha injini, wakaweka Bristol Siddeley Orpheus iliyotoka kwenye ndege ndogo ya kivita inayoitwa Gnat, na lile pezi la mkia pia wakalitoa kwenye Gnat. Kwa nini nakueleza yote haya? Kwa sababu boti uliyoikuta chini ya ziwa sio ile ya kwenye mchoro wa 1955. Kila msimu walikata, wakaongeza, wakaziba, kwa hiyo ukiishika michoro ya mwanzo peke yake utatengeneza kitu ambacho hakikuwepo siku ya ajali. Kusanya picha zote za kila mwaka, filamu, daftari za mafundi, barua za viwanda, zote uzipange kwa tarehe. Hiyo kazi ya mezani ni ya miezi na haina harufu ya mafuta, ila ndiyo itakuokoa baadaye ukiwa umeshika kipande cha bati cha saizi ya kiganja na hujui kilikaa wapi.

Halafu ielewe ajali. Asubuhi ile Campbell alikwenda upande mmoja akapata wastani wa maili 297.6 kwa saa, na ili rekodi ihesabiwe lazima uende na urudi, akageuza akarudi bila kuongeza mafuta. Kwenye kurudi alifika kama maili 328, kilomita 528 kwa saa hivi, boti ikaanza kudunda, nguvu ya injini ikakatika, pua ikainuka, hewa ikaingia chini, boti ikapaa ikapindukia nyuma na kupiga maji. Sababu gani ilikuwa na uzito zaidi bado wataalamu wanabishana, na ubishi huo unakuhusu, kwa sababu mabaki unayoyaopoa ni ushahidi. Ukiyasafisha haraka haraka umefuta majibu.

Hatua ya 1: jiulize kama inafaa kuopolewa kabisa

Hapa usikimbilie. Kuna mifano mitatu ya Uingereza hiyo hiyo na kila mmoja umekwenda njia yake.

Miss England II ya Sir Henry Segrave ilipinduka ziwa la Windermere tarehe 13 Juni 1930, muda mfupi tu baada ya kuvunja rekodi, fundi wake akafa na Segrave mwenyewe akafa saa chache baadaye. Boti ikatolewa majini, ikatengenezwa, na mwaka uliofuata dereva mwingine, Kaye Don, akaiendesha na kuvunja rekodi tena. Enzi zile chombo kilikuwa bado ni cha kazi, sio kumbukumbu.

Crusader ya John Cobb ilivunjika vipande Loch Ness kule Scotland tarehe 29 Septemba 1952 ikiwa imepita maili 200 kwa saa, Cobb akafa. Mabaki yalikuja kuonekana 2002 kwenye kina cha mita kama 200, na badala ya kuyatoa serikali ikayawekea ulinzi wa kisheria kama eneo la kihistoria. Yapo kule kule mpaka leo na mimi naona ni uamuzi sahihi, kina kile na boti iliyosambaratika vile, ungetoa nini?

K7 ndo njia ya tatu. Ilikuwa kwenye kina cha mita 40 na kitu, mtu anafika, sehemu kubwa ya mwili wa boti kuanzia nyuma ya kiti cha dereva ilikuwa bado imeshikana, na maji ya Coniston ni baridi na hayana chumvi. Lakini hata hapo watu wengi walipinga, walisema lile ziwa ni kaburi, muacheni. Hayo maneno usiyachukulie kama kelele. Mtu akikwambia pale pana kaburi, kaa chini umsikilize mpaka amalize.

Vigezo vyangu ni hivi: je, familia inataka? Je, mabaki yatabaki salama yakiachwa, au wezi wa kumbukumbu na wazamiaji wa burudani watayachokonoa? Je, chuma kimebaki cha kutosha kiasi kwamba ukimaliza utasema ni boti ile ile? Na je, kuna mahali pa kuiweka na mtu wa kulipa umeme wa hapo baada ya miaka 30? Kama jibu la swali la mwisho hulijui, simama hapo hapo.

Hatua ya 2: karatasi kabla ya mbizi

Hii ndo hatua ninayoisisitiza kuliko zote. Kabla ya mtu kuvaa mtungi wa hewa, yaandikwe haya na yasainiwe na pande zote mbele ya wakili: nani ni mmiliki wa mabaki, nani anagharamia kuopoa, nani anagharamia matengenezo, vipuri vipya vitakavyowekwa ni mali ya nani, boti ikimaliza inakwenda kukaa wapi, nani ana haki ya kuiendesha na mara ngapi, na wakikosana wanakwenda kwa msuluhishi gani.

Hapo kwenye vipuri vipya soma mara mbili. Kwenye K7, binti yake Campbell, Gina, na mfuko wa familia waliikabidhi boti kwa makumbusho ya Ruskin pale kijijini Coniston mwishoni mwa 2006, wakati Bill Smith, mzamiaji aliyeikuta, akiwa na timu yake ya kujitolea wanaijenga karakana ya North Shields karibu na Newcastle. Wamefanya kazi kubwa ya kupigiwa saluti, miaka na miaka, bila mshahara. Boti ilipopona likaja swali: hii sasa ya nani? Makumbusho wanasema tumepewa na familia, mafundi wanasema sehemu tulizotengeneza kwa mikono yetu ni zetu na tulielewana tutaiendesha. Ikaenda kwa mawakili, na boti haikufika makumbusho mpaka Machi 2024. Sitaki kusema nani alikuwa na haki, pande zote mbili ziliipenda boti kwa dhati na ndiyo maana iliuma. Ninachosema ni kwamba ukurasa mmoja ulioandikwa kwa lugha ya wazi mwanzoni ungepunguza miaka ya maumivu.

Vibali navyo: mwenye ziwa, mamlaka ya hifadhi kama ziwa liko ndani ya hifadhi ya taifa (Coniston iko ndani ya hifadhi ya Lake District), polisi, na ofisa anayechunguza vifo kama mwili haukupatikana. Usiende kimya kimya ukitegemea utaomba radhi baadaye.

Hatua ya 3: kuitafuta

Usianze kwa kuzunguka ziwa zima na mashine. Anza na filamu. Ajali ya K7 ilirekodiwa, ukiwa na filamu na ukajua mpiga picha alisimama wapi unaweza kupima kwa milima ya nyuma na kupata mstari ambao boti ilipigia maji. Wazamiaji wa jeshi la majini la Uingereza pia waliikuta 1967 walipokuwa wanamtafuta Campbell, mwili hawakuuona na msako ukafungwa. Taarifa za namna hiyo ni dhahabu japo vipimo vya zamani huwa vina makosa ya mita nyingi.

Baada ya hapo ndo unavuta sona, kile chombo kinachopiga picha ya chini ya maji kwa mawimbi ya sauti, nyuma ya boti ndogo, mistari iliyonyooka inayopishana kidogo ili usiache pengo, na kila kitu kinachotoa kivuli unakiwekea namba na nukta ya jipiesi. Vitu vya chuma vilivyofunikwa na matope sona inaweza kuvikosa, hapo unaongeza magnetometa, ila kumbuka magnetometa inasikia chuma tu, alumini haiioni. Bill Smith alianza kuitafuta miaka ya mwisho ya 1990 na akaiona Oktoba 2000.

Hatua ya 4: mbizi na ramani ya mabaki

Mita 45 sio kina cha kuchezea. Presha pale ni kama mara tano na nusu ya presha ya juu, na kwa hewa ya kawaida naitrojeni inamlevya mzamiaji, anaona anafanya kazi vizuri kumbe anakosea. Dakika za kukaa chini ni chache na kupanda ni kwa vituo vya kusimama, ukipanda moja kwa moja mapovu ya naitrojeni yanakuvunja viungo au kukuua. Maji ya maziwa ya kule yana baridi ya kufisha vidole hata kiangazi, na ukigusa tope tu mwanga wote unapotea. Kwa hiyo: wazamiaji wenye leseni ya kina hicho, wawili wawili, mtu wa akiba amevaa tayari juu, mawasiliano ya sauti, na mpango wa hospitali yenye chumba cha presha umeshaujua kabla. Kama bajeti haitoshi kwa hayo, bajeti haitoshi kwa mradi.

Chini unaanza kwa kutogusa. Weka kamba za miraba, piga picha kila mraba, chora. Kila kipande kipate lebo ya plastiki yenye namba, sehemu kilipolala na kimeelekea wapi. Msimamo wa wenzo wa mafuta, swichi, geji, breki ya maji, mikanda ya kiti, vyote vipigwe picha vikiwa palepale, maana ndivyo vinavyosema dereva alikuwa anafanya nini sekunde ya mwisho. Njia ya vipande kutoka pale boti ilipopiga maji mpaka pale mwili wa boti ulipotulia nayo ni maandishi, inakuonyesha nini kilichomoka kwanza.

Vitu vidogo usividharau. Kwenye boti iliyopasuka pua, vipande vidogo vya bati la mbele ndiyo mifano pekee iliyobaki ya umbo lake.

Hatua ya 5: marehemu

Hapa mwongozo unabadilika sauti. Kama kuna uwezekano mwili upo, kazi nyingine zote zinakaa nyuma ya hiyo. Makubaliano na familia yaseme nani anapigiwa simu kwanza, na hiyo simu ipigwe kabla ya mwandishi wa habari yeyote hajasikia. Polisi wawepo. Hakuna kamera ya mtu binafsi. Eneo linapekuliwa kwa mkono, taratibu, matope yanachujwa.

Mwili wa Donald Campbell ulipatikana tarehe 28 Mei 2001, zaidi ya miezi miwili baada ya boti kutoka, bado amevaa ovaroli yake ya bluu. Utambulisho ulithibitishwa kwa vipimo vya DNA akilinganishwa na binti yake, na tarehe 12 Septemba 2001 akazikwa pale pale Coniston. Miaka 34 familia ilikuwa haina kaburi. Kwangu mimi hili peke yake lilitosha kuhalalisha kazi yote, hata kama boti isingetengenezwa tena, na nadhani ndiyo jibu kwa wale waliosema ziwa ni kaburi: sasa analo kaburi lenye jina, mita chache kutoka kwa watu waliomfahamu.

Hatua ya 6: kuinua

Mabegi ya hewa ndiyo njia ya kawaida. Hesabu yake ni rahisi ila inaua wanaoidharau. Lita moja ya hewa ndani ya begi inainua takriban kilo moja. Ila kwa kina cha mita 45, kujaza lita 1,000 unahitaji hewa ambayo juu ingekuwa lita 5,500, na begi likianza kupanda hiyo hewa inatanuka, nguvu inaongezeka, kasi inaongezeka, mwisho chombo kinaruka juu kama bomu la maji na kurudi chini kikiwa kimevunjika upya. Kwa hiyo tumia mabegi yaliyo wazi chini au yenye valvu ya kutoa hewa, mengi madogo badala ya moja kubwa, inua hatua kwa hatua, na uwe na kamba ya kuzuia kutoka chini.

Tope linanyonya. Chombo kilichokaa miongo kinashikwa na tope kwa nguvu kuliko uzito wake, ukivuta kwa hasira kitaachia ghafla au fremu itakatika. Pitisha bomba la maji la presha ndogo chini yake uvunje mshiko, halafu subiri.

Uzito nao unabadilika njiani. Ndani ya maji alumini inapunguza zaidi ya theluthi ya uzito wake, chuma kinapunguza kama asilimia 13 tu, kwa hiyo boti inayoning'inia vizuri chini inaweza kuinamia upande wa injini ikitoka hewani. Halafu kuna maji na tope lililojaa ndani. Kabla ya kuitoa juu ya uso wa maji isimamishe, fungua matundu ya kutolea maji, ingia na ndoo na pampu, iache imwage yenyewe. Kamba zipite kwenye pointi ngumu za fremu ambazo wajenzi wenyewe walizitumia kuinulia, usifunge kwenye bati hata kidogo.

K7 ilitoka tarehe 8 Machi 2001, ikavutwa mpaka ufukweni kwenye trela pale pale Campbell alipokuwa akiishushia, watu wamejaa na kamera za televisheni zipo. Bluu ilikuwa bado inaonekana.

Hatua ya 7: wiki za kwanza nchi kavu

Sekunde chombo kinapokutana na hewa, kutu inaamka. Chini kulikuwa na baridi na oksijeni kidogo, juu kuna vyote. Osha kwa maji safi yasiyo na presha kali, toa tope ndani ya mabomba, ila kila tope unalotoa lipite kwenye chujio. Kama ilizama baharini hali ni mbaya zaidi, chumvi imeingia ndani ya chuma na lazima sehemu ziloweshwe kwa muda mrefu kwenye maji yanayobadilishwa mpaka vipimo vya kloraidi vitulie, usikaushe kwanza. Ziwa la maji yasiyo na chumvi linakusamehe hapo.

Angalia sana pale vyuma viwili tofauti vinapokutana. Alumini ikikaa na chuma ndani ya maji inakuwa betri, alumini ndiyo inaliwa. Magnesiamu inaliwa haraka kuliko zote. Ndiyo maana kwenye Orpheus ya K7 sehemu za gamba la injini zilizokuwa za magnesiamu ziliyeyuka ziwani wakati vipande vya chuma cha pua vilikuwa bado vinang'aa.

Mtu mwenye daftari asitoke. Kipande, namba, picha, uzito, wapi kimehifadhiwa.

Hatua ya 8: amua unatengeneza nini

Kuna njia tatu: kuhifadhi ilivyo na majeraha yake, kuirudisha umbo tu ikae makumbusho, au kuirudisha iwe hai, injini inawaka na inakimbia. Kwenye K7 waliomba pesa za mfuko wa urithi unaotokana na bahati nasibu ya taifa wakakataliwa, maana wafadhili walikuwa tayari kuhifadhi mabaki kama mabaki ila sio kujenga upya. Nawaelewa, boti iliyopinda ni ushahidi na ukiinyoosha huwezi kurudi nyuma. Familia na timu wakaona mtu akumbukwe kwa alichofanya, sio kwa sekunde ya mwisho. Nami niko upande huo, kwa sharti moja: kila chuma cha asili kinachoweza kubeba kazi kibaki kwenye boti, kisichoweza kitunzwe kwenye boksi lenye lebo, na kipya kigongwe mhuri mahali pasipoonekana ili kizazi kijacho kisidanganywe.

Chagua na tarehe. K7 ilirudishwa ilivyokuwa msimu wake wa mwisho, na Orpheus na pezi la mkia.

Hatua ya 9: fremu

Jenga jigi kwanza, meza ya chuma nzito iliyonyooka kabisa inayoshika fremu isihame hata milimita unapokata na kuchomelea. Bila jigi joto la kuchomelea litakupindisha fremu na hutajua mpaka boti ikimbie kombo.

Mabomba yapimwe unene kwa mashine ya mawimbi ya sauti, ndani yapitishiwe kamera nyembamba, viungo vyote vilivyochomelewa vipakwe ile rangi ya kupenya inayoonyesha nyufa. Bomba lililopinda bila kupasuka linaweza kunyooshwa, lililopasuka au kuliwa unakata kipande kile tu na kuunga kipya kwa mkono wa ndani, yaani kibomba chembamba kinachoingia ndani ya pande zote mbili, usibadilishe bomba zima kwa sababu ya sentimita 20. Fremu ya K7 kwa sehemu kubwa ilikuwa nzima kuanzia nyuma ya kiti, ya mbele ndiyo iliyong'oka na sehemu ya dereva ikabidi ijengwe upya. Ukimaliza, ndani ya mabomba mimina mafuta ya kuzuia kutu, zungusha, mwaga, ziba.

Hatua ya 10: bati na riveti

Hapa ndo nafsi ya kazi, na hapa ndo wengi wanachoka na kuagiza bati jipya. Usifanye hivyo mapema.

Riveti ya zamani inatolewa kwa kutoboa kichwa chake tu katikati kabisa, kisha kuisukuma, ukitoboa mpaka chini unapanua tundu na bati linakosa nyama. Bati lililokunjwakunjwa limekuwa gumu, ukiligonga hivyo hivyo litapasuka, lazima ulilainishe kwa moto kwanza. Alumini haikupi dalili ya kuwa nyekundu kabla ya kuyeyuka, kwa hiyo mafundi wanapaka sabuni, hata ile ya mche inafaa, wanapitisha moto taratibu mpaka alama ya sabuni igeuke kahawia inayoelekea weusi, hapo wanaacha lipoe. Sasa linakubali nyundo. Gonga juu ya mfuko wa mchanga na vyuma vya mviringo, pitisha kwenye mashine ya magurudumu mawili, gonga tena, linganisha na jirani yake, likigoma lainisha tena. Aloi ya aina hii, ya alumini na magnesiamu, inarudi kuwa ngumu yenyewe kwa kugongwa, kwa hiyo kazi ya nyundo inairudishia nguvu.

Vipande vilivyoraruka vinaunganishwa kwa kuchomelea kwa mkono mwepisi, na pengo lisilo na kipande linapata kiraka kilichokatwa kwa umbo la pengo. Ndiyo maana ukiitazama K7 kwa karibu bado unakuta bati lile lile la miaka ya 1950 limerudi mahali pake. Riveti zinapigwa na watu wawili, mmoja na bunduki ya hewa nje, mwingine ameshika chuma kizito ndani, wanasemezana kwa kugonga. Asiye na subira asishike upande wowote.

Hatua ya 11: injini

Usijaribu kuwasha injini iliyolala ziwani. Ikae kama kumbukumbu, tafuta nyingine ya aina ile ile. Orpheus ziliundwa nyingi kwa ajili ya ndege kwa hiyo zilipatikana. Mpate mtu aliyewahi kufanya kazi na injini hizo jeshini au kiwandani, injini ipimwe peke yake kwenye stendi kabla ya kuingia kwenye boti. Na njia ya hewa usiichukulie poa: mwishoni mwa 1966 injini mpya ilivuta hewa kwa nguvu mpaka sehemu ya kuingizia hewa ya K7 ikaporomoka na vipande vikaingia ndani ya injini, wakalazimika kuweka ile ya pili. Zile sehemu ziimarishwe kwa ndani.

Hatua ya 12: majaribio

Kwanza ielee bila injini kuwaka, siku nzima, tafuta uvujaji. Pima kitovu cha uzito ikiwa na mafuta na ikiwa tupu. 1966 boti ilikataa kuinuka juu ya maji kwa sababu pua ilikuwa nzito, wakarekebisha kwa kuongeza uzito nyuma, kwanza mifuko ya mchanga kisha vipande vya madini ya risasi. Halafu washa injini boti ikiwa imefungwa kamba. Halafu kasi ndogo. Halafu kuinuka. Kila hatua ifuatwe na ukaguzi wa riveti na fremu.

Chagua ziwa la mmiliki binafsi, kwa sababu Coniston ina kikomo kidogo sana cha kasi kwa boti za injini na kupata ruhusa ni safari. K7 ilirudi majini Agosti 2018 kwenye Loch Fad, kisiwa cha Bute, Scotland, Ted Walsh akiwa kwenye usukani, na ikafika kama maili 150 kwa saa. Nusu ya kasi ya mwisho, na inatosha kabisa. Weka kikomo cha kasi kwenye yale makubaliano ya hatua ya 2, na dereva awe na ovaroli, mtungi wa hewa, boti za uokoaji pande zote mbili na wazamiaji wamevaa tayari. Rekodi ya sasa ya dunia ya majini, ya Mwaustralia Ken Warby, ya 1978, maili 317 kwa saa, haimhusu mtu anayeendesha chombo cha kihistoria.

Hatua ya 13: makazi

Chumba kikavu chenye joto lisilobadilika sana, kipimo cha unyevu ukutani, boti ikae juu ya fremu yake na sio juu ya sponsoni. Mafuta ya injini yatolewe, mafuta ya kuhifadhia yaingizwe, mtambo uzungushwe kwa mkono kwa ratiba. Mabomba ya fremu yachunguliwe kila mwaka. Vile vipande vya kwenye maboksi viwe chumba cha pili, na daftari lake liwe na nakala mbili sehemu mbili tofauti. K7 imekuwa makumbusho ya Ruskin tangu tarehe 9 Machi 2024 kwenye jengo walilolijengea miaka mingi kabla haijafika. Kama utaendelea kuiwasha boti yako, mpange mapema na makumbusho siku gani inatoka, nani anaivuta, nani anaisaini ikirudi, na bima ya safari inalipwa na nani.